Kipande Kilichopita Nyuma ya Kikwembe

Miaka yote ya utoto wangu hapa Kasongo kulikuwa na kipande cha filamu ambacho hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kukiona. Filamu yenyewe tuliitazama mara nyingi mpaka tukayajua maneno yake. Kipande hicho hakikuwa kimekatwa, wala diski haikuwa na mikwaruzo. Kila mara kilikuwa kinapita mbele yetu, nyuma ya kikwembe.

Nyumba ya sinema ilikuwa jirani na msikiti. Filamu ilianza jioni, watu wakitoka sokoni, na ilipokaribia mwisho mwadhini aliita sala ya magharibi. Mwenye sinema hakupenda picha ziendelee mbele ya macho ya watu wakati wa sala. Lakini mashine yake ya diski ilikuwa na ugonjwa: ukiisimamisha, inarudi mwanzo kabisa, na mafuta ya jenereta hayakutosha kuanza upya. Kwa hiyo alipunguza sauti mpaka mwisho, akachukua kikwembe cha mke wake, yaani kitenge cha kujifunga, akafunika televisheni, na filamu ikaendelea yenyewe huko nyuma bila mtu. Wengine walienda kusali. Sisi wa kanisani tulitoka nje kula karanga.

Kwa kuwa huku kwetu jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, kikwembe kilishuka karibu mahali pale pale. Miezi fulani tuliwahi kuona, ndani ya filamu, mlango mdogo chini ya ukuta wa mji. Miezi mingine hata mlango hatukuufikia.

Ni filamu ya zamani, ya kabla sijazaliwa, lakini inaonyesha siku zijazo. Kuna mji mkubwa wenye ukuta, na kila mtu wa mji huo amefungwa kengele ya chuma mguuni, haifunguki. Walinzi hawamtafuti mtu kwa macho. Wanasikiliza tu. Ukitembea saa isiyo yako, unasikika. Ukisogea karibu na ukuta, unasikika. Kuna dada anayefua nguo za wakubwa, na ana mdogo wake wa kiume. Wanapata tupa moja ya kukatia chuma, ndogo na imelika, inayotosha mguu wa mtu mmoja. Wanashuka usiku katika nyumba ya kufulia, chini ya ukuta. Hapo kikwembe. Kikiondolewa, dada yuko nje ya mji, ndani ya majani marefu, mguu mtupu, peke yake, analia.

Mdogo wake yuko wapi? Hilo ndilo lilikuwa swali.

Aliyetujibu alikuwa mtafsiri. Filamu ilisema Kifaransa, na yeye alikaa kando ya televisheni na mikro yake, yaani kipaza sauti, akigeuza kila neno kuwa Kiswahili, sauti nyembamba kwa wanawake, sauti nzito kwa walinzi. Watu wakisharudi kukaa, alitusimulia yaliyopita nyuma ya kikwembe. Alisema mdogo alimshika dada yake mkono akamwambia, kwa Kiswahili chetu ambacho dada mkubwa ni yaya: “Yaya, enda. Mimi nitakimbia upande wa mutoni na kengele yangu, wanifuate mimi.” Aliyasema hayo kwa sauti ambayo iliwanyamazisha hata wauza karanga. Sisi watoto tulitoboa vizibo vya chupa, tukavifunga miguuni, tukagombana ni nani atakuwa mdogo, kwa sababu mdogo ndiye alikuwa shujaa. Hakuna aliyefikiri kwamba mtafsiri naye alikuwa anatoka kusali, maji ya udhu hayajakauka mikononi.

Siku moja ya mvua nilibaki ndani. Nikakaa mbele ya kikwembe kile, chenye picha za ndege, nikatazama mwanga unaopenya. Kulikuwa na giza refu. Kisha mwanga wa manjano uliingia polepole upande mmoja, ukakaa, ukatoka. Kisha giza tena, refu kuliko la kwanza. Hakuna kitu kilichorukaruka. Nikafikiri, mtu akikimbia na walinzi wanamfuata na mataa yao, mwanga si ungehangaika kidogo? Sikumwambia mtu. Mimi ni mtu wa haya, na swali likikaa ndani yangu muda mrefu linazidi kuwa gumu kutoka.

Siku hizi ninatengeneza baiskeli kwenye baraza ya fundi mmoja wa kushona, mwanamke tuliyekua naye mtaa mmoja. Nyumba ya sinema bado ipo, lakini inajaa siku za mpira tu. Filamu watu wanatazama kwenye simu. Mtafsiri amezeeka, na siku za mpira hawamhitaji. Wanamwachia mikro mara moja moja, Jumapili, kwa watoto na kwa sisi wachache tunaomfuata tangu zamani. Ukimkuta njiani bado anaitwa Mutafsiri. Sijui kama kuna wengi wanaokumbuka jina lake jingine.

Fundi, mimi, na rafiki yetu motari, yaani dereva wa pikipiki anayepeleka bidhaa Salamabila kwa wachimbaji wa dhahabu, ndio tumebaki tunaoongea kuhusu filamu ile. Wao wanaongea, mimi ninasikiliza na spana mkononi. Wanaulizana mambo mengi. Kama huo ni wakati ujao, mbona simu zao zina waya? Mtoto mchanga anafungwa kengele ya kukua naye, au wanambadilishia kila mwaka? Mtu mwenye kuhara anafanyaje usiku? Fundi anacheka mpaka sindano inasimama.

Mwaka huu, mvua zikiwa zinaisha, motari alirudi kutoka Salamabila akiwa na matope mpaka kiunoni, maana alikuwa amelala njiani, Wamaza, kwa sababu ya ubovu wa barabara. Hata hakunawa. Alitoa simu, akasema mchimbaji mmoja alikuwa na filamu yetu kwenye kadi yake ya memori, nzima, na yeye ameinakili. Akasema ameshaiona usiku, kule Wamaza.

“Ule dada alimuacha mudogo wake,” akasema. “Alimuacha amelala, akafunga mulango, akaenda.”

Fundi akamjibu bila kuinua kichwa: “Wewe ulisinziaka. Uliangalia na macho gani?”

“Na macho haya mawili. Sasa wewe miaka yote uliangalia nini? Kikwembe.”

Nilitaka kucheka lakini nilimwona fundi amekasirika kweli. Alikuwa amempenda yule mdogo tangu utotoni. Akasema hataki kuona kwenye simu, kioo kidogo kama sabuni, kama motari alivyoangalia usiku, amechoka. Motari akanipa mimi simu. Nikaikataa pia. Nilitamani sana kujua, lakini niliona kwamba tukiona sisi watatu peke yetu, tutakuwa tumemzunguka mtafsiri nyuma ya mgongo.

Basi motari akaenda kwa mtafsiri, nami nikamfuata. Alimsalimia kwa heshima, akamweleza. Mzee alikuwa anachambua mchele. Hakushtuka. Alisema ni kweli, yeye pia alikuwa msikitini kama watu wote, kile kipande hakukiona hata siku moja. Alimchukua yule kijana wa mwanzo wa filamu, namna alivyokuwa anampa dada yake sehemu kubwa ya chakula, akafikiri kijana wa namna hiyo atasema nini.

“Lakini, Papa, alimuacha,” motari akasema. “Maneno yale haiko.”

Mzee akaweka ungo chini. “Wekeni filme mbele ya watu wote, saa ambayo haina sala. Mimi nitatafsiri. Kama ule dada alimukimbia mudogo na mudogo hakujua, basi nilidanganya mutaa muzima, na wao walikuwa watoto. Mikro ninakupa wewe, sitaishika tena.”

Motari akasema yeye ni mtu wa pikipiki, mikro ataiweka wapi. Mzee hakucheka. Njiani kurudi motari aliigeuzageuza simu mkononi, na mimi nikajua kwamba anajuta kuileta ile kadi. Mzee alikuwa hana kitu kingine cha kushika.

Tulichagua Jumapili, kati ya adhuhuri na laasiri, watu wa kanisani wakiwa wametoka. Mwenye sinema alishaacha ile mashine ya zamani. Sasa anachomeka kadi tu. Habari ilikuwa imezunguka. Walikuja watu wazima waliowahi kufunga vizibo miguuni, wengine na watoto wao mgongoni. Bati lilikuwa linachoma. Fundi alikaa mbele kabisa, mikono kifuani, kama mtu aliyeitwa kwenye kesi.

Mtafsiri alianza vizuri. Sauti yake imekuwa nyembamba hata kwa walinzi, lakini watu walimsaidia, walisema naye maneno wanayoyajua. Walizicheka simu zenye waya. Kisha dada na mdogo wakashuka katika nyumba ya kufulia, na mlango mdogo ukaonekana. Hakuna kikwembe kilichoshuka.

Giza lilikuwa refu, kama nilivyoliona siku ya mvua. Dada anakata chuma chake kwa tupa, polepole, amekifunga kitambaa kisilie. Mdogo amelala juu ya nguo chafu, uso ukutani. Chuma kinakatika. Dada anamtazama mdogo, anatazama tupa, imekwisha kabisa. Anasema maneno machache kwa Kifaransa, chini chini. Mtafsiri akayatafsiri bila kuyapamba: “Unisamehe. Usiamuke.” Dada akafungua mlango, mwanga wa manjano ukaingia upande mmoja, ukakaa, ukatoka. Mlango ukafungwa.

“Amemuacha,” mzee akasema kwenye mikro. Kisha akaizima, akaiweka chini kwenye sakafu, akakunja mikono.

Mtu nyuma alisema zima basi. Mwenye sinema hakuzima. Filamu iliendelea bila mtu wa kuitafsiri, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaongea ndani ya filamu wala nje yake, tulitazama tu. Giza la pili, lile refu zaidi. Mwanzoni sikuona kitu ila rundo la nguo. Halafu niliona macho. Mdogo alikuwa amegeuka kutoka ukutani, macho wazi kabisa, yanatazama mlango. Na mkono wake mmoja ulikuwa chini mguuni, umeishika kengele, umeibana kwa vidole vyote ili isilie wakati anageuka. Alikaa hivyo. Aliendelea kuibana kwa muda ambao dada angehitaji kupita ukuta.

Nilifungua mdomo niseme. Fundi alinitangulia.

“Iko macho,” akasema. “Muangalie mukono wake. Ameshika kengele.”

Motari akasimama, akasogea mpaka karibu na televisheni, watu wakamwambia atoe kichwa chake. Akasema rudisheni nyuma. Ikarudishwa, jambo ambalo mashine ya zamani isingekubali. Tukatazama tena, halafu tena. Kwenye simu, motari alisema, pale palikuwa peusi tupu, aliona weusi akadhani kipande kimekwisha. Watu wakaanza kubishana wote kwa pamoja. Mmoja anasema dada ana makosa yale yale, hakujua kwamba mdogo ameamka. Mwingine anasema alijua, ndiyo maana alimwomba msamaha. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza kama analia pale majanini kwa furaha au kwa haya. Hilo hatukuwahi kulifikiri. Zamani tulijua analia kwa furaha na uchungu wa shujaa wake, basi, tukaenda nyumbani kula.

Motari aliiokota mikro, akaipangusa vumbi kwa shati lake, akampelekea mzee kwa mikono miwili.

“Papa, mudogo alijua. Alimuacha aende. Ulisema kweli.”

Mzee alikuwa bado anatazama televisheni, ingawa dada alishafika majanini. “Roho yake sikuikosa,” akasema. “Nilikosa mudomo wake. Mimi nilimupa maneno mengi, na yeye hana hata moja.”

“Sasa utashika au hautashika?” fundi akamuuliza. Hakuuliza kwa upole. Aliuliza kama anavyomuuliza mteja anayechelewa kuchagua mshono.

Mzee akasema kwamba ahadi yake ilikuwa juu ya mdogo asiyejua. Huyu alijua. Lakini ile habari ya mtoni hataisema tena. Akaichukua mikro. Hakuiwasha siku hiyo. Aliishika tu mpaka filamu ilipokwisha, na dada alilia mbele yetu kwa Kifaransa chake bila mtu kumtafsiri.

Jumapili iliyofuata tuliiomba tena. Walikuja watoto wengi kuliko wakubwa, maana ubishi ulikuwa umefika mashuleni. Mtafsiri alisema kila kitu: walinzi, wakubwa, mama mwenye duka la sabuni. Tulipofika katika nyumba ya kufulia alitafsiri yale maneno mawili ya dada. Mlango ukafungwa. Mikro ilikuwa mdomoni mwake, imewashwa, tulisikia pumzi zake kwenye spika, na hakusema neno.

Mtoto mmoja aliyekuwa karibu nami alivumilia, kisha akashindwa. Akanivuta shati, akauliza huyo kijana anasema nini.

Watu waligeuka kunitazama mimi.

“Hasemi kitu,” nikamjibu. “Angalia mukono.”