Vumbi la Mti na Gundi

Mchongaji wa kwetu Wamunyu akijikata hapigi kelele. Anachukua vumbi laini la mti, analijaza kwenye kidonda, anadondosha gundi ya kukauka haraka juu yake, kisha anaendelea na kazi. Ndivyo wanavyoziba ufa kwenye shingo ya twiga, na ndivyo walivyoziba vidole vyao tangu nikiwa mdogo. Mimi humpigia baba msasa. Nimezibwa hivyo mara mbili.

Korona ilipokuja, watalii waliacha kuja na banda la wachongaji likafungwa. Baba akahamia nyumbani, akawa anachonga miiko na mipini ya majembe ya kuwauzia majirani. Jumapili moja alikuwa ameketi nje, amebana mti kwa nyayo zake kama kawaida. Ngomo, kile kishoka chetu cha kuchongea, kiligonga fundo la mti kikateleza, kikaingia kwenye mguu wake wa kushoto. Niliona kitu cheupe ndani kabla damu haijakifunika.

"Lete vumbi," akaniambia.

"Nau," nikasema, kama tunavyomwita baba kwa lugha ya kwetu, "kimeingia sana."

"Nimesema vumbi, si mahubiri. Kanisa limefungwa."

Nikaleta. Mimi ndiye niliyeshika kingo za kidonda zikutane, yeye akadondosha gundi.

Mama alitaka aende hospitali. Baba alikataa. Watu walisema ukifika pale na joto mwilini unafungiwa wiki mbili, na ukifa unazikwa na watu waliovaa plastiki, bila hata wimbo mmoja. Jumanne mguu ukavimba. Jumatano akaanza kutetemeka, akazidi kukataa, kwa maana sasa joto alikuwa nalo. Alhamisi asubuhi alikuwa akiongea na nyanya aliyekufa zamani. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hivyo mimi ndiye niliyeenda na baba, kwa gari la jirani, hadi Machakos.

Nilidhani chumba cha dharura kitajaa watu wa pikipiki, kama siku ile binamu yangu alipogongwa. Kulikuwa kimya. Mzee mmoja alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa lake. Mwanamke mmoja alikuwa amefungwa mkono kwa leso, na mume wake alijibu kila swali badala yake.

"Zamani mlikuja damu ikiwa moto," muuguzi akasema akiandika. "Siku hizi mnaumia nyumbani na mnakaa na kidonda nyumbani. Hiki ni cha lini, mzee?"

Baba akapata akili ghafla. "Jana jioni."

Muuguzi akaniangalia. Sijawahi kuweza kuongea mbele ya watu nisiowajua. Shuleni niliona afadhali nichapwe kuliko kujibu swali. Nikaangalia sakafu. Akaandika jana, akatuambia tungoje.

Tulingoja hadi karibu saa sita. Muuguzi aliporudi kuosha kidonda, pamba ilikwama.

"Hii ni nini?"

"Dawa," baba akasema.

"Ni gundi," nikasema. "Vumbi la mti na gundi. Na ni tangu Jumapili."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia nirudie. Mara ya pili baba alisikia. Akageuza uso kwenye ukuta. Muuguzi alitoka mbio, na daktari akaja mara moja.

Alasiri hiyo walimkata mguu chini ya goti. Sijui kama bila ule muda tuliongoja mguu ungeokolewa. Sikuuliza. Nyumbani pia hatujawahi kuuzungumzia muda huo.

Banda lilifunguliwa tena. Lakini mti mkubwa hauwezi kubanwa kwa unyayo mmoja. Kwa hivyo sasa ninaketi mbele ya baba, natoa viatu, naubana mti kwa nyayo zangu. Ngomo hushuka karibu na vidole vyangu.

"Kaza," huniambia.

Ninakaza, na macho siyaondoi kwenye ngomo.