Fomu ya Jibek

Ufunguo wa kabati la dawa Batmakan huuvaa shingoni, na haumtoki hata akienda kuoga. Mwaka wa ishirini na sita huu ni muuguzi wa shule ile ile, huko juu milimani Naryn, na hajampa mtoto hata nusu kidonge bila sahihi ya mzazi. Mara moja tu alitoa, mwaka wake wa kwanza, kwa huruma, na mtoto akavimba uso hadi macho yakafunga. Mtoto alipona. Batmakan hakupona. Tangu siku hiyo mwambie, "Mara hii tu, dada," atakuchekea, atakumiminia chai, na dawa huipati ng'o.

Basi majira haya ya kuchipua akamjia Bi Sonunbubu, fomu mkono mmoja na bakuli la maandazi ya borsok mkono wa pili. Mtoto wa nyumbani kwake, Jibek, wa miaka kumi, alikuwa amegunduliwa ana pumu. Daktari wa wilaya alimpa inhela, na inhela haipokelewi shuleni bila fomu. Bila inhela, Jibek hapandi malishoni na wenzake kwenye safari ya darasa. Ilibaki wiki moja, na mtoto alikwishafunga begi.

Batmakan akaisoma fomu. Penye mama mzazi paliandikwa Sonunbubu, kwa herufi kubwa zisizo na wasiwasi.

"Bi Sonunbubu, hii haifai. Cheti cha kuzaliwa kinasema Anarkul."

Kijiji kizima kinajua, na kijiji kizima hunyamaza. Mtoto wa kwanza ni wa bibi, ndivyo walivyofanya waliotutangulia. Bi Sonunbubu, mama wa baba yake, alimchukua Jibek ana siku arobaini. Akakua akimwita bibi yake mama, na aliyemzaa, anayekaa nyumba ya tatu kutoka hapo, akamwita Anarkul tu, kama majirani wanavyomwita. Anarkul atazaa wengine, walisema. Hakuzaa. Akashona magodoro yake, akatabasamu, na Jibek akipita humpa peremende.

"Cheti!" Bibi akawaka. "Cheti ndicho kilimwogesha? Cheti kilimbeba mgongoni akikohoa? Wewe Batmakan nimekujua unatembea na kamasi, leo unaniambia mimi si mama?"

"Sijasema hivyo. Nimesema kabati halifunguki."

"Kula borsok kwanza."

"Nakula. Na halifunguki."

Bibi akaondoka kwa kishindo, bakuli akaliacha. Siku nne hakurudi. Batmakan akawa hana raha kabisa. Angefumba jicho, nani angemuuliza? Lakini mtoto akizidiwa kule mlimani, hospitali itamtafuta mwenye cheti, haitamtafuta mwenye hasira. Na ule uso uliovimba hakuusahau.

Siku ya tano wakaja wote wawili, bibi mbele, mkwewe Anarkul nyuma na macho chini.

"Mpe kalamu," Bi Sonunbubu akasema, hata kuketi hakuketi. "Jana alibanwa kifua akikimbiza mwana-kondoo. Midomo ilikuwa ya buluu, Batmakan. Niliogopa."

Anarkul akaandika jina lake haraka. Alipofika penye uhusiano na mtoto, mkono ukasimama.

"Mama," akamwambia mkwewe, "hapa niandike nini?"

"Unaniuliza mimi? Andika ulivyo."

"Utakasirika."

"Nitakasirika. Andika!"

Anarkul akaandika: mama. Neno fupi hivyo, lakini aliliinamia kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kisha, penye mtu wa kuitwa kwanza mtoto akiumwa, bila kuambiwa na yeyote, akaandika Sonunbubu.

Bibi aliona. Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Moshi wa jiko lako huu."

"Jiko halijawashwa, Bi Sonunbubu."

"Basi liwashe tunywe chai! Umekaa tu."

Batmakan akacheka. Akaipokea inhela, akaiweka rafu ya juu na jina la Jibek juu yake, akafunga kabati. Moyo wake ulikuwa mweupe. Bibi akatoka uani kumwita mtoto ampe habari ya safari, na sauti yake ikasikika hadi barabarani.

Anarkul hakutoka. Alisimama mlangoni akisokota kitambaa chake.

"Dada Batma, hakuna nyingine?"

"Nyingine nini?"

"Fomu. Ya huyu mtoto."

Haikuwapo. Meno yalikaguliwa tangu vuli, dawa ya minyoo ilikwishatolewa, chanjo zote tayari. Batmakan, ambaye hajawahi kupoteza karatasi moja ya serikali, akavuta droo, akatoa fomu tupu ya meno, akamsogezea kiti na kalamu.

"Jaza polepole," akasema. "Chai bado."