Kifungo cha Nne

Hapa Njiru mimi ndiye fundi wa nguo anayejua kila kitu, au ndivyo nilivyojisifu hadi juzi. Mama Zainabu alikuwa ameniletea gauni la marehemu mamake, limepoteza kifungo kimoja. Nikashona kingine kutoka kwa mkebe wangu, kinachong'aa vilevile.

Alipokuja kulichukua akauliza, "Fundi, una uhakika hiki ni gamba la chaza kama vile vingine?"

Kuniuliza hivyo mbele ya wateja watatu! "Mama, chaza wa baharini huipaka nyumba yake kwa ndani, utando juu ya utando, mpaka ing'ae rangi zote. Gamba hilo lina baridi kama jiwe. Plastiki haina. Tazama!"

Nikafumba macho kama daktari anayesikiliza moyo, nikaweka kifungo kimoja kimoja shavuni. Baridi. Baridi. Baridi. Cha nne kikawa vuguvugu.

"Hiki ni plastiki!" nikatangaza. "Pole, mamako aliuziwa feki."

Mama Zainabu akasema taratibu, "Fundi, hebu fungua macho uone uzi wake."

Vingine vyote vilishikiliwa na uzi uliochakaa. Hicho kilikuwa na uzi mweupe pe, niliouweka jana yake kwa mkono wangu mwenyewe.