Honorable alivyomaliza robo saa yetu kwa itifaki, baba mkwe akagoma kushusha saluti

Wakuu, salaam kwenu nyote, vigogo wa jukwaa na mliojiunga jana.

Haya ninayoandika yametokea, sijatia chumvi. Ningetaka kutia chumvi ningejipa mimi kipande kizuri, na mtaona wenyewe kwamba sina.

Mimi ni Mbongo, naishi Etterbeek, hapa Brussels. Mke wangu Bibiche ni Mkongo wa Katanga. Baba yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa anakaa hapahapa jijini, Evere, kwa dada mkubwa wa Bibiche. Nazungumzia mwishoni mwa miaka ya 2000, mzee ameshapita themanini.

Ujanani alikuwa askari wa jeshi la Wabelgiji kule Kongo. Wakampeleka vitani hadi Uhabeshi, akarudi mzima.

Sasa, kila Novemba hapa kuna sherehe ya kuwakumbuka waliopigana. Maveterani wanasimama mbele na medali zao. Raia wengine tunabanana nyuma ya vizuizi vya chuma.

Baba mkwe alikuwa anavaa suti, anabandika medali yake moja, anapanda basi, halafu anasimama nyuma ya vizuizi pamoja na sisi wenye miavuli na watoto wa kubebwa.

Kila mwaka hivyohivyo. Akirudi nyumbani hali chakula. Bibiche ilikuwa inamuuma sana.

Mimi kwa akili yangu nikaona jambo dogo hili. Nikamwambia, mzee, nenda kwenye ofisi inayopanga sherehe ukajitambulishe. Aliniangalia kama nimemwambia akaibe.

"Soda haiombeake ye mwenyewe," akasema. Soda ni askari, si kinywaji, wakuu. "Mukubwa yake njo anamuombeaka."

Wakubwa zake wote walishakufa. Haya, utafanyaje hapo?

Basi bwana, tukasikia mbunge wa kwao, yule wa jimbo la shamba kabisa ambako mvua ikinyesha barabara inageuka mto, anakuja Brussels kwenye semina. Kule wabunge wanawaita Honorable. Mzee macho yakamng'aa. "Bon. Ule njo mukubwa yangu."

Semina ikaisha. Honorable hakuisha. Akahamia kwangu.

Sikulalamika, mgeni ni baraka. Nililalamika asubuhi ya pili, nilipofungua mlango nikakuta foleni ya watu imeshuka ngazi hadi chini. Wakongo wa kwao walishapata habari. Wametoka Evere, wametoka Saint-Josse, kila mtu na shida yake, kama vile wako nyumbani kwake kijijini.

Jamaa alikaa kwenye sofa langu akawasikiliza mmoja mmoja kwa umri. Maman mmoja analia daraja la kwao limesombwa. Mwingine anamwombea mpwa wake nafasi ya shule. Jirani yangu wa chini, Mbelgiji, akapanda kuuliza kama nimefungua zahanati.

Na mimi nagawa chai. Bibiche kila dakika: "Weye, leta thé ingine!" Nyumba yangu, sofa langu, na sina hata nafasi ya kukaa. Nilikuwa nimevimba, acheni tu.

Lakini mnyonge mnyongeni. Kuna tonton, yaani mjomba, mmoja wa Saint-Josse alilalamika mwenye nyumba hataki kutengeneza heater na watoto wanaganda. Honorable akavaa suti, akaenda mwenyewe, akamsomea mwenye nyumba kwa Kifaransa kizito. Heater ilitengenezwa kesho yake. Nahisi yule mzungu alidhani amefuatwa na waziri.

Ndiyo maana tukapata matumaini. Akapiga simu ile ofisi ya sherehe, tukapewa nafasi. Robo saa.

Tulitakiwa kwenda watu wanne: Honorable, mzee, Bibiche na mimi dereva. Tulipofika tukakuta nusu ya foleni ya nyumbani kwangu inatusubiri mlangoni. Kwao mbunge haendi mahali peke yake, lazima asindikizwe. Mama wa daraja naye yumo, amevaa kitenge cha sherehe.

Mkuu wa ofisi alikuwa mama mmoja mpole. Akatafuta viti, havikutosha, akasema ana robo saa tu kwa sababu kuna mgeni mwingine baada yetu.

Honorable akasimama. Mimi kuona tu amefunga kifungo cha koti, nikajua tumekwisha.

Akaanza kumsalimia Madame Directrice. Akamsalimia msaidizi wake. Akamsalimu mfalme ambaye hayupo, gavana ambaye hayupo, chifu wa kwao ambaye hata simu hana. Akawashukuru wajane. Akamshukuru binti wa mapokezi kwa tabasamu. Akanishukuru mimi kwa uendeshaji.

Halafu akasema, "Tous protocoles observés."

Nikashusha pumzi. Maana hapo mtu anakuwa amemaliza itifaki, sasa anaingia kwenye hoja. Wapi! Akakumbuka amewasahau watu wa dini.

Mama wa watu anaangalia saa. Bibiche anaangalia dari. Jina la baba mkwe halijatajwa hata mara moja, na mzee mwenyewe amekaa wima kwenye kiti, mikono magotini, anamsikiliza mukubwa wake kwa heshima zote.

Dakika zimeisha, Honorable akapandisha sauti: "Na sasa, kabla ya kufika kwenye jambo lililotuleta, tusimame dakika moja ya ukimya kwa ajili ya mashujaa waliolala."

Jamani! Nilitamani sakafu ipasuke.

Lakini ungekataaje? Madame akasimama. Wote tukasimama. Na baba mkwe akasimama, visigino vikagongana pa!, mkono ukapanda kwenye paji la uso. Saluti.

Dakika ikapita. Tukashusha pumzi, watu wanakusanya makoti. Madame anaanza kusema kwa masikitiko kwamba muda umekwisha.

Mzee hajashusha mkono.

"Papa, tumemaliza," Honorable akamwambia. Mkono palepale. "Papa, séance levée, kikao kimefungwa." Wapi.

Bibiche akamshika bega. "Papa, shusha mukono."

"Bado habayatoa ordre," mzee akajibu bila kugeuza shingo. Yaani anangoja amri.

Wakuu, mimi nilipita JKT. Nikaona hii ndiyo siku yangu. Nikajikusanya, nikatoa sauti ya gwaride: "Mguuu pande!"

Mzee akanitazama kwa pembe ya jicho. "Weye uko na grade gani?"

Mama wa daraja akacheka mpaka akashika ukuta. Na kweli, cheo sina.

Tukabaki pale. Mzee wa themanini na ushee, na mkono haushuki. Hapo kicheko kikaisha. Nikaanza kuogopa ataanguka.

Ndipo mlango ukafunguliwa, Madame akasema, "Ah, Colonel!" Ni yule mgeni aliyekuwa na miadi baada yetu, babu wa Kibelgiji mwenye fimbo, kanali mstaafu, amekuja kupanga nani atasimama wapi kwenye sherehe. Alikuwa amekuja na hasira za kucheleweshwa, unaona kabisa mdomo umeshafunguka kugomba.

Akamuona mzee. Mdomo ukafungwa.

Akaegemeza fimbo ukutani, akanyoosha mgongo kwa shida, akarudisha saluti. Halafu akasema taratibu, "Repos," yaani mguu pande.

Mkono wa baba mkwe ukashuka.

Kanali akamuuliza alipigana wapi. Mzee akataja batalioni yake, akataja Uhabeshi. Kanali akauliza, siku ya sherehe huwa anasimama wapi.

"Nyuma ya barrière, mon colonel."

"Kwa nini?"

"Hakuna mwenye aliniita."

Dakika nyingine ya ukimya, na hii haikuwa ya kuombwa. Kanali akamgeukia Madame: "Mwaka huu huyu anasimama na mimi." Madame akaandika palepale, macho mekundu.

Honorable akafunga kifungo cha koti. "Madame, katika hatua hii, naomba kutoa neno fupi la shukrani..." Bibiche akamvuta koti kwa nguvu, akakaa.

Aliporudi kwao alitangaza redioni kwamba amelipata hilo baada ya mazungumzo marefu na magumu. Marefu, sibishi.

Novemba ikafika, mvua na baridi la Brussels mnalijua. Mimi na Bibiche nyuma ya vizuizi, mzee kule mbele ubavuni kwa kanali. Nililia bila aibu. Mzungu mmoja akanipa kitambaa.

Wakati wa kurudi, ndani ya gari, Bibiche akamuuliza, "Papa, ilikuwa namna gani?"

"Baridi," akasema. "Na kule mbele hauone kintu. Ni migongo ya baministre tu."

Tukacheka, mawaziri wamemziba. Halafu akasema, "Miaka yote nilikuwaka nakumbuka benzangu kama mupita njia. Leo nilisimama nabo."

Nilisimamisha gari pembeni. Nikasingizia kioo kina ukungu.

Nilichojifunza: ukiwa na mzee nyumbani anayenyamazia jambo, usimwambie aende akajiombee. Pengine anasubiri mtu amwite. Tafuta wa kumwita, hata kama lazima umpitishe kwa Honorable mwenye itifaki ndefu kama treni ya mizigo. Nimemsamehe, ila chai yangu bado inaniuma.

Wa "weka picha" sina, na jina la Honorable silitaji. Wenye wazee wa aina hii, hebu semeni, wenu anasubiri kuitwa na nani?