Mshono Laini

Mkuyuni, mteja hakagui mshono wa chuma kwa macho. Anaupapasa kwa kiganja kama anayenunua kitenge. Ukiwa laini, wewe ni fundi. Ukimkwaruza, umemharibia chuma chake.

Basi mimi nilikuwa fundi mkubwa. Nilichomelea harakaharaka kwa moto mdogo, kisha nikachukua grenda na kuusaga mshono hadi ukalingana na chuma. Palipobaki tundu nilipaka puti, juu yake rangi ya fedha. Kwamba nilikuwa nasaga kitu kilekile kilichoshika kiungo, hilo halikumsumbua mtu mwenye akili nyingi kama mimi.

Nikawajengea wakwe zangu wa Kisesa stendi ya tanki la maji, lita elfu mbili, zawadi ya mkwe mwema. Baba mkwe akapapasa kila kiungo. "Huyu ndiye mkwe," akasema. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu nisiokuwa nao.

Wiki tatu baadaye stendi ikaamua kulala. Mama mkwe alikuwa akifua chini yake. Alikuwa ameinuka tu kufuata sabuni. Tanki likatua juu ya beseni. Nilipoitwa, nililikuta beseni lile limewekwa mlangoni, bapa kama chapati, nisije nikasahau nilichoitiwa. Viungo vilikuwa vimeachana bila hata kupinda, na katikati yake puti yangu, nyeupe, laini kabisa.

"Shikamoo mama," nikasema, macho chini kama inavyompasa mkwe.

Hakuitikia. Nilisimama na shikamoo yangu mdomoni, nikaona aibu ambayo hakuna grenda ya kuisaga.

Nikarudi Mkuyuni kujifunza kazi niliyokuwa nayo miaka tisa. Kwanza ondoa kutu. Ongeza moto. Mkono usikimbie, subiri chuma kiyeyuke pande zote mbili ndipo usogee. Kila kipande cha majaribio nilikipiga nyundo mpaka chuma kipinde na mshono ubaki. Mishono ya mwanzo ilikuwa mavi ya kuku matupu. Baadaye ikaanza kujipanga yenyewe, magamba madogo yaliyolaliana, nami nikagundua jambo la kufedhehesha: mshono mzuri hauna haja ya grenda.

Stendi mpya niliiacha na magamba yake yote. Baba mkwe akapapasa, akakunja uso. "Mbona hii inakwaruza?"

Mama mkwe akajibu kutoka mlangoni, bila kunitazama. "Mwambie asimame chini yake. Halafu tanki lijazwe."

Pampu ikawashwa. Nilisimama palepale lilipokuwa beseni, fundi mkubwa wa Mkuyuni, nikikumbuka kiungo kimoja kimoja na kumwomba Mungu ambaye sikuwa nimemsumbua siku nyingi. Chuma kikalia mara moja, kikatulia. Maji yakafurika, yakanimwagikia kichwani.

Mama mkwe akaja na ndoo, akaitega kwenye bomba la tanki, karibu na miguu yangu.

"Marahaba," akasema.