Mama Aliyekataa Kupumzishwa

Kwa muda mrefu nilikana kwamba mama yangu aliugulia ndani ya nyumba yangu. Nilisema ni uzee. Nina shahada mbili, kwa hiyo nilisema kwa kujiamini.

Enzi zetu kule kijijini Nyarero hakuna aliyezungumzia afya. Tuliamshwa ukungu haujainuka, tukaenda shambani pekupeku, umande ukitulowesha hadi magotini. Udongo ulionyeshewa jana una harufu ambayo sijaipata mahali pengine, na nimetembea. Tulipalilia ulezi kwa mikono, tukiutenganisha na gugu linalofanana nao kama pacha, na nikikosea mama alisema, "Bhoke, hilo ulilong'oa ndilo tungekula." Viazi vitamu vya jana tulivila tumekaa juu ya kichuguu, kisha tukateremka mtoni kuteka maji, tukarudi tumechelewa na uongo ulioandaliwa vizuri. Usingizi ulitukuta kabla ugali haujaiva. Watoto wetu wa leo wakikanyaga tope hupiga picha kwanza, halafu wanatafuta dawa ya kunawa.

Kwetu, mtoto aliyesoma hutakiwa kumpumzisha mama yake. Baba alipofariki nikamleta mama Mwanza, ghorofa ya tatu, nikampa kiti laini na runinga. Ukoo mzima ukanisifu. Baada ya miezi minane mama alikuwa hali, halali, na anatembea akishika ukuta. Nikampeleka kupimwa, hawakuona kitu. Siku moja nikamkuta kibarazani, amepanda ulezi kwenye beseni langu la kufulia, anaupalilia. Haukuwa na gugu hata moja.

"Narudi kwangu," akasema. "Hapa nalindwa kama maiti."

Nikamwambia akianguka kule shambani hakuna wa kumwokota. Tukabishana wiki nzima, tukapatana: mwezi mmoja, kisha nitamfuata. Akaondoka. Mimi nikabaki na saa yangu ya mkononi inayohesabu hatua kutoka kitandani hadi kwenye friji. Zamani hatua zetu hazikuhitaji shahidi.

Mwezi ulipoisha nikampigia, tiketi ya kwenda kumchukua nimeshakata.

"Shikamoo mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Nimekula, nimelala. Unataka nini?"

Nikaanza hotuba yangu kuhusu daktari bingwa. Sikufika mbali. Mama alipiga ukelele: ng'ombe wa jirani wameingia kwenye mahindi! Simu ikaanguka chini bila kukatika. Nikasikia miguu inakimbia, miguu ya mwanamke aliyepita miaka sabini, na sauti yake ikiwatukana ng'ombe wale kwa Kikurya, mmoja baada ya mwingine, ikizidi kwenda mbali, mpaka nikabaki nasikia upepo tu kwenye majani.

Nikausikiliza mpaka salio likaisha.