Jirani Asiye na Haraka

Katika kambi yetu ya polisi, upande wa Nakawa, watu huongea bombani. Jerikeni zinapangwa foleni, wenyewe wanasimama kando wakipiga soga, na mtu akisogeza yako nyuma lazima useme. Mimi nilikuwa naacha isogezwe. Nina kigugumizi, na neno likikwama watu hunimalizia: "Unasema ni yako? Kale, haya, chukua."

Muhula huu msichana wa nyumba ya pili, naye yuko kidato cha tatu kama mimi, alianza kuja bombani saa ileile ninayokuja. Akawa ananiuliza maswali ambayo huwezi kuyajibu kwa kutikisa kichwa. "Shuleni kwenu leo kumetokea nini? Eleza." Nikikwama, ananyamaza. "Maliza tu, mimi sina haraka."

Mtu wa foleni ya maji asiye na haraka! Hapo ndipo nilipomshuku. Tena maneno hayo niliyajua. Ni ya yule mama wa hospitali anayenifundisha kuongea, na siku alipoyasema tulikuwa watatu tu chumbani: yeye, mimi na mama yangu.

Nikawa mpelelezi kumshinda baba na upolisi wake. Nikamwona msichana akinong'ona na mama mlangoni, mama akimpa chapati mbili. Kumbe nimeletewa rafiki kama dozi! Siku tatu nikateka maji alfajiri ili nisimkute. Siku tatu hizo sikuongea na mtu wa rika langu hata neno moja, na pengo lake nililihisi, ingawa kukiri kunaniudhi.

Siku ya nne nikarudi saa yetu.

"M-m-mama yangu a-a-a…"

Mwanamke mmoja nyuma akadakia, "Anaumwa? Bambi, maskini!"

"Shangazi, mwache amalize," jirani yangu akamwambia.

Jerikeni nzima ilijaa kabla sijafika mwisho. "…alikutuma?"

"Ndiyo. Alisema nijaribu wiki moja."

"W-wiki hiyo iliisha lini?"

"Mwezi uliopita. Unafikiri mama yako anaweza kunilazimisha mwezi mzima? Wangu mwenyewe hawezi!"

Nilimkazia macho nikitafuta uongo. Sikuuona, na sijaacha kuutafuta. Ila siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyeuliza: kwa nini walihamia kambi hii, na nani alimnyoa vibaya hivyo. Hilo la kunyoa lilinikwama mara tatu. Alisubiri, ingawa alishaona linakoelekea.